Utomvu wa Mangina na yanayosemwa juu yake

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, na jina la Mangina likatajwa kwenye redio za dunia nzima. Kabla ya siku hiyo mji huu mdogo, ulio kiasi cha kilomita 30 kutoka Beni, ulijulikana ng'ambo na kundi dogo tu la watu: wanunuzi wa papaini. Kwao hao, Mangina ni mahali ambapo mapapai mabichi huchanjwa alfajiri, utomvu wake mweupe ukakingwa, ukakaushwa, ukafungwa na kusafirishwa hadi Ulaya. Kwa miongo mingi eneo la Beni limekuwa moja ya vyanzo vikubwa vya bidhaa hiyo duniani.

Papaini ni kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kuisha, na kila kimoja kina kazi yake. Kazi ya papaini ni kukata protini nyingine vipande vipande. Juu ya kazi hiyo moja yamejengwa maneno mengi. Mengine yanampunguzia mkulima pesa, mengine yanamhatarishia mgonjwa maisha. Ndiyo sababu nayajibu, kila moja kwa nafasi yake.

"Vimeng'enya ni kemikali za viwanda vya Wazungu."

Anayesema hivi huenda amekula sombe mchana huo huo. Jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi, na sianidi ni sumu kali. Katika jani hilo hilo kuna kimeng'enya, linamarasi, kilichowekwa mbali na linamarini ndani ya seli. Jani likiwa zima havikutani. Mama akitwanga, seli zinapasuka, vinakutana, linamarini inaanza kuvunjika, na sianidi inapanda na mvuke wakati sombe inachemka. Ndivyo ilivyo pia kwa muhogo unaolowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kusagwa kwa ajili ya ugali wa bukari. Kinu na pipa la kulowekea vimekuwa vikitumia kimeng'enya tangu zamani, kabla mtu yeyote hajakipa jina.

Tutazame na kakao, ambayo siku hizi imejaa mashamba ya Beni kuliko mipapai. Punje mbichi zikirundikwa kwenye sanduku na kufunikwa majani ya migomba, zinapata joto na uchachu, mbegu inakufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinaanza kukata protini za mbegu yenyewe. Vipande hivyo ndivyo vinavyotoa ladha ya chokoleti punje zikikaangwa. Punje iliyoanikwa bila kuchachushwa ni chungu na kavu mdomoni, hata uikaange vipi, kwa kuwa kazi hiyo haikufanyika.

Wazungu walichofanya kwa papaini ni kuitenga, kuipima na kuipa jina. Jina hilo walilitoa Wurtz na Bouchut huko Ufaransa mwaka 1879. Umbo lake lilichorwa na Jan Drenth na wenzake Uholanzi mwaka 1968, wakaonyesha mnyororo wa asidi amino 212 uliojikunja ukaacha ufa katikati, na ndani ya ufa huo ndipo protini nyingine hukatwa. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini anayeitengeneza papaini ni mpapai, na anayeitoa mtini ni mgemaji. Mgemaji akiamini kwamba anachouza ni gundi tu inayogeuzwa kuwa kitu cha maana huko mbele, atakubali bei ya gundi.

"Vimeng'enya ni vijidudu hai, kama hamira."

Si vijidudu. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira hadi hapakubaki seli hata moja iliyo hai, akachuja maji yake, akatia sukari, na sukari ikageuka kuwa pombe vilevile. Mwaka 1926 James Sumner akatoa kimeng'enya kutoka kwenye aina ya maharage, akakifanya kuwa fuwele safi, na ikaonekana ni protini. Katika pombe ya kasiksi, hamira ni kiumbe hai. Vimeng'enya ni vyombo vya kazi vilivyomo ndani yake. Kimeng'enya hakili, hakizai, hakimwambukizi mtu. Kinaweza kuharibika tu, na hilo nitalirudia mwishoni kwa kuwa ndilo linalomgusa mgemaji mfukoni.

"Ukila papai baada ya nyama, papai ndilo linalomeng'enya."

Hapa kuna ukweli wa jikoni uliohamishiwa tumboni. Ukweli wa jikoni ni huu: kuanzia Mombasa hadi Unguja, muuza mishkaki hukuna papai bichi, akalichanganya na nyama ngumu ya ng'ombe, akaiacha kwa muda. Nyama inalainika. Ikiachwa mno inakuwa uji juu na mbichi ndani, na kila mpishi anayejua kazi yake anajua wakati wa kuitoa. Na sehemu kubwa ya kukata hufanyika nyama ikiwa motoni, ikipita katika joto la nyuzi 50 hadi 70, kwa maana papaini huvumilia joto ambalo vimeng'enya vingi haviliwezi. Ikipita hapo, nayo inaharibika.

Sasa angalia tofauti. Papai la jikoni ni bichi. Papai la baada ya chakula ni bivu, na tunda linapoiva utomvu wake hupungua hadi karibu kuisha. Kata papai bivu uone kama kuna maziwa yanayotoka. Tena, papaini kidogo iliyobaki inaangukia tumboni, penye asidi kali inayoidhoofisha upesi. Na juu ya hayo tumbo halikuwa likisubiri msaada. Pepsini, ambayo Theodor Schwann aliigundua mwaka 1836, imeumbwa kufanya kazi ndani ya asidi hiyo hiyo. Chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho linamwaga tripsini ya protini, amilesi ya wanga na lipesi ya mafuta. Mtu mzima mwenye afya ana vimeng'enya vya kumtosha.

Mtu aliyefunga choo akila papai bivu atapata nafuu, lakini nafuu hiyo inatoka kwenye nyuzinyuzi na maji ya tunda. Vitamini A na C zimo pia, na mtoto wa Mangina anazihitaji. Sioni haja ya kumpa papai sifa ambayo si yake ilhali sifa zake za kweli zinatosha.

Wapo wagonjwa ambao kwao kimeng'enya ni dawa kamili. Mtu ambaye kongosho lake limeharibika hawezi kumeng'enya mafuta. Anakonda huku anakula, na kinyesi chake kinaelea kwa mafuta. Huyo hupewa vidonge vyenye vimeng'enya vya kongosho la nguruwe, vilivyofunikwa ili asidi ya tumbo isiviharibu, na hali yake hubadilika. Wapo pia watu wazima wengi barani Afrika ambao mwili umeacha kutengeneza laktesi, kimeng'enya cha sukari ya maziwa, nao wakinywa maziwa mabichi tumbo linajaa gesi. Katika hali zote mbili kuna kimeng'enya fulani kinachojulikana kuwa hakipo, na tiba ni kukirudisha hicho hicho. Tembe za papaini zinazouzwa kwa kila aina ya kujaa tumbo hazina msingi wa namna hiyo. Mtu anayeumwa tumbo kwa wiki nyingi akaendelea kununua tembe hizo anachelewesha kupimwa vidonda vya tumbo, amiba au homa ya ini.

"Ni kitu cha asili, hakiwezi kumdhuru mtu."

Waulize wanaokigema. Utomvu mbichi ukidondokea ngozi laini na kukaa, ngozi inawasha na kuchubuka, kwa sababu ngozi ni protini. Ukiingia jichoni ni hatari zaidi. Lakini madhara makubwa yanaletwa na vumbi. Utomvu uliokauka ukipondwa na kuchekechwa, unga wake mwepesi unapanda hewani, na anayeuvuta siku nyingi anaweza kupata mzio na pumu isiyomwacha tena. Katika miaka ya 1960 watafiti waliotaka kuelewa ugonjwa wa kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu waliweka papaini kwenye mapafu ya panya, nayo ikaviharibu vifuko hivyo. Njia hiyo ilitumika kwenye maabara kwa miaka mingi baadaye. Kijana anayechekecha papaini ndani ya chumba kisicho na dirisha, bila hata kitambaa puani, anavuta kitu hicho hicho. Wenye maghala wana wajibu hapa na sitalisema kwa upole: barakoa, glavu na chumba chenye hewa ni sehemu ya gharama ya biashara, na anayezikwepa anamtoza mfanyakazi wake gharama hiyo.

Hospitalini nako mambo hayakuwa mepesi. Marhamu za papaini zilitumika miaka mingi kula nyama iliyokufa kwenye vidonda, na zilifanya kazi. Lakini mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru ziondolewe sokoni, kwa kuwa hazikuwa zimepitishwa rasmi na kulikuwa na taarifa za wagonjwa waliopatwa na mzio mkali, shinikizo la damu likashuka na moyo ukaenda mbio. Ndugu yake papaini, kimopapaini, naye alidungwa kati ya pingili za uti wa mgongo kutibu diski iliyotoka mahali pake. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1982, kisha ikaachwa, na mzio ulikuwa miongoni mwa sababu.

Juu ya wajawazito, wazee wetu wana hoja. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba utomvu wa papai bichi hubana misuli ya mfuko wa uzazi, na kwamba papai bivu halikuleta madhara hayo. Kwa hiyo kumkataza mjamzito papai bichi ni busara. Kumkataza papai bivu ni kumnyima chakula bure.

"Papaini yetu ndiyo inayolainisha nguo zote, hata jinzi."

Natamani ingekuwa kweli, wakulima wangekuwa na soko lisilokauka. Lakini jinzi ni pamba, na pamba ni selulosi, ambayo ni sukari zilizoungana kuwa nyuzi ndefu. Papaini hukata protini. Weka kipande cha kitenge cha pamba ndani ya maji ya papaini, kiache hadi kesho kutwa. Kitenge kitabaki kama kilivyo. Mkasi huu umenolewa kwa kitambaa kimoja tu.

Jinzi iliyopauka inayofika soko la mitumba Butembo ina historia nyingine. Zamani jinzi zilioshwa pamoja na mawe mepesi ya volkano, yakaisugua rangi ya nili. Mawe yaliharibu mashine na kurarua kitambaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikaanza kutumia selulesi, kimeng'enya kinachomega nyuzi za juu za pamba, na rangi iliyoshika nyuzi hizo ikaondoka nazo. Selulesi nyingi ya viwandani inatokana na kuvu ambalo kisa chake kinafaa kusimuliwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema na sare za pamba za jeshi la Marekani zilioza kwa kasi ya ajabu kwenye visiwa vya Solomon. Wanasayansi wa jeshi wakatafuta mwenye kosa, wakapata kuvu, na baadaye kuvu hilo likapewa jina la Elwyn Reese, mmoja wa walioongoza utafiti huo. Liitwalo Trichoderma reesei, leo linafugwa kwenye matangi ili litoe kile kile kilichowakosesha askari mahema.

Kabla ya hapo kitambaa kimepita mikononi mwa vimeng'enya vingine. Uzi wa mtande hupakwa wanga usikatike kwenye mashine ya kufuma. Wanga huo huondolewa kwa amilesi, ama sivyo rangi haishiki sawasawa. Kitambaa kikishapaushwa kwa peroksaidi, katalesi huondoa mabaki yake ili yasile rangi inayofuata, na kiwanda kinaokoa maji mengi ya kusuuza.

Papaini ina nafasi yake kwenye nguo za protini, yaani hariri na sufu. Uzi wa hariri ukitoka kwa kiwavi umepakwa gundi ya protini inayoitwa serisini, nao ni mkavu usiong'aa. Papaini inaweza kuila gundi hiyo na kuacha uzi wa ndani. Kwenye sufu hupunguza magamba yanayofanya nguo isinyae ikifuliwa, ila kazi hiyo inataka mtu makini, maana sufu yenyewe ni protini na ikizidishiwa muda italiwa. Viwanda vya aina hiyo ni vichache, na papaini nyingi huishia kwenye nyama, vyakula na tembe. Nayo bia iliwahi kuwa mteja mkubwa: mwaka 1911 Leo Wallerstein alipata hataza Marekani ya kutumia vimeng'enya kama papaini ili bia isiingie ukungu ikipoozwa, ukungu unaotokana na protini za shayiri. Watengeneza bia wengi sasa wana njia nyingine. Mkulima anayeahidiwa soko la nguo aulize ni nguo gani.

"Ebola ilikuwa biashara, na mashine za maabara ziliandika zilichoambiwa."

Hili siwezi kulipita haraka. Mlipuko ulioanzia Mangina ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470, waliofariki 2,287. Septemba 2018 watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na kiasi cha robo yao walisema Ebola haipo. Sitawacheka. Watu hawa walikuwa wamezika ndugu zao waliouawa kwa mapanga tangu Oktoba 2014 na hakuna msafara wa magari meupe ya mashirika ya misaada uliokuja. Desemba 2018 wakazi wa Beni na Butembo walizuiwa kumpigia kura rais pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Mtu aliyetendewa hivyo ana haki ya kuuliza. Anastahili pia kupewa jibu linaloonyesha kipimo kinavyofanya kazi, na jibu hilo ni la vimeng'enya.

Damu ya mgonjwa inachukuliwa, na virusi vilivyomo vinavunjwa. Ebola imeandikwa kwa RNA. Kimeng'enya cha kwanza, kilichogunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore kila mmoja kwenye maabara yake, kinanakili RNA hiyo kuwa DNA. Kimeng'enya cha pili kinairudufu DNA: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Mizunguko 30 hufikisha nakala zaidi ya bilioni moja, na mashine inaona mwanga wake. Kipimo kinahitaji joto linalopanda na kushuka mara nyingi, ndiyo maana kimeng'enya kinachotumika asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambao Thomas Brock aliwakuta katika miaka ya 1960. Sasa jambo lenyewe: kurudufu hakuanzi mpaka vipande vifupi vilivyotayarishwa vipate mahali pa kushika kwenye maandishi ya Ebola. Kama virusi havimo, hakuna pa kushika, na mizunguko yote hupita bure. Kimeng'enya hakijui kabila la mgonjwa wala chama chake. Mtu anaweza kubadilisha majina kwenye karatasi, na dhidi ya hilo tunahitaji waangalizi waaminifu. Lakini mashine haina pa kuandikiwa jibu mapema.

Katika miezi hiyo hiyo lilitembea neno jingine: kwamba maji ya majani ya papai, au utomvu wenyewe, huua Ebola. Ukweli ni wa kustaajabisha, nao unakwenda kinyume. Kirusi cha Ebola kikimezwa na seli, protini ya juu ya gamba lake hukatwa na vimeng'enya vya seli yenyewe, katepsini B na katepsini L. Kukatwa huko kunafunua sehemu inayoshika mlango wa ndani uitwao NPC1, na kirusi kinapenya. Na hizo katepsini zinatoka kwenye ukoo ule ule wa papaini. Wataalamu huuita ukoo huo kwa jina la papaini. Kwa hiyo ile kazi ya kukata protini, ambayo watu walidhani ingeua Ebola, ndani ya seli kirusi huitumia kujifungulia njia. Kunywa majani ya papai hakuongezi wala hakupunguzi jambo hilo, kwa kuwa papaini ya tumboni haifiki ndani ya seli. Kilichoua watu ni siku walizokaa nyumbani wakiyanywa.

Dawa iliyofaa ilipatikana, na Mangina ilishiriki kuipata. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, vituo vya tiba vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina vilipokea wagonjwa 681 katika jaribio lililolinganisha dawa nne. Kati ya waliopewa kingamwili mAb114 walifariki asilimia 35, na kati ya waliopewa mchanganyiko wa kingamwili REGN-EB3 asilimia 33.5; katika makundi mawili yaliyobaki walifariki karibu nusu au zaidi. Kingamwili mAb114 ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo, alikuwa miongoni mwa walioiwezesha kazi hiyo. Inavyofanya kazi ni kubaki imeishika protini ya kirusi hata baada ya katepsini kuikata, na kuuziba ule mlango.

Na papaini imo katika historia ya ujuzi huo, kwa njia ambayo hakuna aliyeisema kwenye mikutano ya uhamasishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko London, Rodney Porter alichukua kingamwili za sungura akazikata kwa papaini. Vilitoka vipande vitatu: viwili vinavyofanana vinavyoshika adui, na kimoja kisichoshika. Hapo ndipo wanasayansi walipoanza kuelewa umbo la kingamwili, na mwaka 1972 Porter alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Gerald Edelman. Dawa zote za kingamwili zilizofuata zinasimama juu ya elimu hiyo.

"Jua kali na moto ndivyo vinavyotoa papaini nzuri, na kilo ni kilo."

Maneno haya ndiyo yanayowaumiza wengi Mangina, nami nayajibu kwa urefu unaostahili.

Nguvu ya papaini inakaa kwenye chembe moja ya salfa ndani ya ule ufa niliousema. Hewa huishambulia, chuma na shaba huishambulia, na joto likizidi protini nzima hukunjuka na haikunjiki tena ilivyokuwa. Utomvu uliokingwa kwenye bati lenye kutu unageuka mweusi, na weusi huo ni nguvu inayopotea mbele ya macho yako. Kinga kwa plastiki, kioo au enameli. Chanja tunda bichi lililokwisha komaa ukubwa, mikato michache ya kina cha milimita chache kwenye ganda, kisha liache siku kadhaa kabla ya kulirudia. Gema alfajiri, wakati mti una maji na utomvu unatiririka. Jua likipanda unaganda kwenye tunda. Najua alfajiri inamaanisha nini katika mashamba ya Beni, ambako watu wameuawa wakielekea shambani. Hakuna elimu ya kimeng'enya inayotatua hilo, na mnunuzi anayelalamikia mzigo wa saa nne asubuhi afahamu kwa nini mgemaji alichelewa.

Ukausho uwe siku hiyo hiyo, utomvu ukitandazwa mwembamba. Tanuri la nyuzi 50 hadi 55 kwa saa chache hutoa bidhaa nzuri kuliko jua la siku mbili, ambalo huacha utomvu uchache usiku. Moto wa kuni usiodhibitiwa ukipita nyuzi 70 unatoa kitu kinachofanana na papaini kwa macho, kizito kwa mizani, kisichofanya kazi. Kilichokauka kifungwe kisipate hewa na kiwekwe gizani, mahali pa baridi.

Ndiyo maana kilo si kilo. Kiwanda kinanunua uwezo wa kukata, na kinaupima. Mgemaji anaweza kuupima pia kwa namna ya kulinganisha. Koroga maziwa ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, gawa sawa katika glasi mbili, tia kijiko kidogo cha papaini ya fungu la kwanza katika glasi moja na cha fungu la pili katika nyingine, ukiwa umeziyeyusha kwanza kwenye maji kidogo ya kipimo sawa. Inamisha glasi mara kwa mara utazame ukuta wake. Papaini hukata protini ya maziwa na maziwa huganda, chembe nyeupe zikaonekana kwenye kioo. Fungu linalogandisha mapema lina nguvu zaidi. Lililoungua huacha maziwa kama yalivyo. Na kama unashuku kwamba fungu limechanganywa na unga wa muhogo, dondoshea ayodini ya duka la dawa: wanga ukiwemo, rangi inageuka buluu nyeusi papo hapo. Kipimo hicho kinamlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji mdanganyifu, na kinamlinda muuzaji mwaminifu dhidi ya mnunuzi anayesema mzigo wake ni mchafu ili ashushe bei.

Maabara ya mnunuzi hupata namba kamili, idadi ya vizio vya nguvu kwa kila miligramu, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi ya mzigo unapouzwa tena Ulaya. Vyama vya wakulima viombe nakala yake kwa kila fungu, pamoja na bei iliyolipwa kwa nguvu ile, kabla ya kufunga makubaliano ya msimu unaofuata.